Anayetoa taarifa ya mnyama aliyekufa apewe majibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie namna tunavyofuatilia virusi vinavyozunguka miongoni mwa wanyama wetu na kuwaingia binadamu, jambo ambalo huku Nyanda za Juu Kusini hutajwa kwa pupa panapotokea hofu na kusahaulika mara hofu inapopita. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nimefanya kazi ya ugani katika Wilaya za Rungwe na Kyela, na hadi leo jirani akiuguliwa na ng'ombe hunigongea mlango kabla ya kwenda ofisi ya kata. Ninachotaka kusema ni hiki: mtu anayetoa taarifa ya mnyama aliyekufa au aliyetoa mimba hana budi kupewa majibu ya kipimo, na mpaka hapo tutakapolifanya hilo kuwa wajibu wa mtu fulani mwenye cheo na ofisi, mashine za maabara tunazojivunia zitakuwa zinasubiri sampuli zisizofika.

Mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera, ambako watu tisa waliugua na sita kati yao wakafariki dunia, na tena Januari 2025 ulipotangazwa wilayani Biharamulo, mazungumzo niliyoyasikia katika vijiwe vya Tukuyu na Mbalizi yalikuwa kama ya watu wanaosomewa habari za nchi nyingine. Wengi wetu tukiambiwa kwamba serikali inafuatilia virusi, picha inayotujia ni kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso la msafiri pale Tunduma, Kasumulu au Uwanja wa Ndege wa Songwe. Kipimajoto kina kazi yake na sikidharau, maana Tunduma malori ya kutoka Zambia na Kongo hayakatiki. Lakini aliyeambukizwa Marburg anaweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla ya kuanza kuugua, na katika muda huo atapita mbele ya kipimajoto akiwa na joto la kawaida kabisa. Tena kipimajoto hakimuulizi alichinja nini juma lililopita.

Nianze na Kyela, kwa sababu ushahidi upo na wenyeji wengi wa Kyela hawajausikia. Watafiti wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani, walipima damu ya watu 1,228 kutoka maeneo mbalimbali ya Mkoa wa Mbeya, wakitafuta kingamwili za Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo ambao humwingia pia binadamu. Damu hiyo ilikuwa imechukuliwa mwaka 2007 na 2008. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kwa jumla watu kama 5 katika kila 100 walikuwa wamewahi kuambukizwa, lakini katika eneo la Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, waliokutwa na kingamwili walikaribia 30 katika kila 100. Kingamwili haimaanishi kwamba mtu anaumwa leo. Ni alama inayobaki mwilini kuonyesha kwamba virusi vilishapita. Kwa maneno mengine, karibu mtu mmoja katika kila watatu au wanne waliopimwa kule alikuwa ameugua, au ameambukizwa bila kuugua, na hakuna aliyemwambia.

Ieleweke kwamba huo haukuwa ugonjwa mgeni nchini. Katika mlipuko wa mwaka 2006 hadi 2007 zaidi ya watu 100 walifariki dunia Tanzania, na mikoa iliyotajwa zaidi ilikuwa Dodoma na Morogoro, ingawa Iringa nayo iliguswa. Bei ya nyama ilianguka, minada ikafungwa, watu wakahamia kwenye samaki na kuku. Wakati huo wote macho yalikuwa katikati ya nchi, na ukanda wa ziwa haukuwa midomoni mwa watu, wakati damu za watu wake zilikuwa na habari yake.

Namna virusi hivi vinavyoishi inaeleza kwa nini naweka mkazo kwenye zizi. Vilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye kondoo wa shamba moja karibu na Naivasha, Kenya. Mbu wa kundi la Aedes hutaga mayai yenye virusi pembezoni mwa mabonde yanayojaa maji kwa msimu, na mayai hayo yanaweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka kadhaa bila kufa. Ikija mvua kubwa isiyo ya kawaida, mabonde yakafurika na maji yakatulia, mayai huanguliwa kwa pamoja, mbu wakauma mifugo, na ndani ya muda mfupi kondoo, mbuzi na ng'ombe wanaanza kutoa mimba mmoja baada ya mwingine huku ndama na vitoto vya mbuzi vikifa kwa wingi. Binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa kushika damu, kondo la nyuma na mimba zilizotoka, au kwa kuchinja mnyama mgonjwa ili nyama isiharibike. Wengi wao hupata homa na maumivu ya viungo ambayo zahanati huiandika kuwa malaria. Wachache hutokwa damu, huvimba ubongo, au hubaki na kasoro ya macho maisha yao yote. Kwa hiyo anayeliona tukio kwanza ni mchungaji wa Usangu au mama wa Kyela aliyeamka na kukuta mbuzi watatu wametoa mimba katika juma moja, na daktari wa hospitali ya rufaa hulikuta baadaye sana. Habari ya mama huyo ikifika mahali panapostahili siku ileile, wachinjaji wanaweza kuonywa na chanjo ya mifugo ikapelekwa katika vijiji ambavyo ugonjwa haujafika.

Mfano wa pili nao ni wa Kyela, na unahusu mnyama ambaye watu wa mkoa huu tunampenda mezani kuliko tunavyokiri. Homa ya nguruwe iliyozuka Kyela mwishoni mwa mwaka 2010 ilichunguzwa vinasaba vyake, na ikaonekana kuwa ya jenotaipu II, kundi lililokuwa likijulikana Msumbiji na Madagaska na ambalo mwaka 2007 lilivuka hadi Georgia, likaingia Urusi na nchi za mashariki ya Ulaya, na Agosti 2018 likathibitishwa China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani. Kati ya mwaka 2010 na 2012 virusi hivyo viliendelea kupanda kutoka mpaka wa Malawi kuelekea kaskazini mwa nchi yetu. Haviwaambukizi binadamu, na hilo lisemwe wazi ili watu wasiogope kitimoto iliyoiva vizuri; vinachokifanya ni kuua karibu mabanda yote vinamopita, na hatuna chanjo yake.

Nimelitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha vizuri kazi ya kusoma vinasaba. Virusi vinapozaliana hufanya makosa madogo madogo katika kunakili vinasaba vyao, na makosa hayo hurithiwa, kiasi kwamba anayelinganisha sampuli ya Kyela na ya mahali pengine anaweza kusema hizi ni za ukoo mmoja na zile ni za ukoo mwingine, na ugonjwa ulipita njia gani. Lakini vinasaba havisemi ni nani aliyebeba nyama. Hilo tunalijua sisi tuliokuwa huku. Nguruwe akikataa chakula jioni, mwenye banda humpigia simu mchinjaji usiku huohuo, na alfajiri nyama iko kwenye gari. Mabaki yake, pamoja na maji yaliyooshea nyama, hutupiwa nguruwe wa mji mwingine kama makombo, na virusi hivi hukaa kwenye nyama mbichi au iliyogandishwa kwa miezi. Karantini inapotangazwa, nyama imeshapita Uyole na Makambako. Simlaumu mwenye banda. Anajua kwamba akitoa taarifa atazuiwa kuuza, nguruwe wake watateketezwa, hatalipwa senti, na hataambiwa hata kama kweli ilikuwa homa ya nguruwe.

Kwamba majibu yanaweza kwenda haraka pale yanapotakiwa, tumeliona. Mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto wa Lilongwe aliyepooza kwa polio, na kipimo cha vinasaba kikaonyesha kwamba kirusi hicho kilikuwa na undugu na kile kilichokuwa kikizunguka Pakistan. Mwezi uliofuata watoto wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma walikuwa wakipewa matone ya chanjo nyumba kwa nyumba. Sampuli moja ya mtoto mmoja ng'ambo ya mpaka ilizihamisha timu za mikoa minne. Ndivyo inavyotakiwa, na najiuliza kwa nini mimba ishirini za mbuzi zilizotoka upande wetu wa Mto Songwe zisiweze kuihamisha hata pikipiki moja ya halmashauri.

Kinachotokea badala yake nakijua kwa kazi. Tulikuwa tukichukua damu ya ng'ombe, tukaipanga kwenye boksi lenye barafu, tukaipeleka kwenye maabara ambayo sitaitaja, tukapewa namba ya kumbukumbu na kuambiwa tusubiri. Majibu mengine yalirudi baada ya msimu kupita, mengine hayakurudi kabisa. Wakati mwingine waliofika walikuwa watafiti wenye vibali vyote na heshima zote, wakapokewa, wakafungiwa ng'ombe, wakachukua sampuli, wakaondoka, na kilichopatikana kikaandikwa kwa Kiingereza katika jarida ambalo hata ofisi ya wilaya haina uwezo wa kulisoma. Mama mmoja wa kata niliyokuwa naihudumia aliniuliza mbele ya mkutano, "Bwana mifugo, mlichukua damu ya ng'ombe wangu mkaondoka nayo, mlipata nini?" Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Ng'ombe mwingine alipokufa katika zizi lake hakuniita, na kwa haki kabisa sioni kwa nini angeniita.

Liko na tatizo la ofisi mbili zisizosalimiana. Bwana mifugo anaandika kwenye daftari lake chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003. Mganga mfawidhi wa zahanati, mita mia mbili kutoka hapo, anaandika kwenye daftari lake chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Huyu ana orodha ya mbuzi waliotoa mimba Jumatatu, yule ana orodha ya vijana waliokuja na homa kali Alhamisi ambao kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na hakuna siku iliyopangwa ambayo madaftari hayo mawili yanafunguliwa mezani pamoja. Serikali imelijua hilo kwa muda, ndiyo maana lipo Dawati la Afya Moja, la kuziunganisha kazi za afya ya watu na ya wanyama, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na ni uamuzi wa busara kuliweka hapo badala ya kuliacha kwa wizara moja. Shida ni kwamba dawati liko Dodoma na mbuzi wako Ipinda.

Sihitaji kueleza sana kwa nini watu wa mikoa hii, kuliko wengine, wanapaswa kuchukia kuchelewa. VVU vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni mwanzoni mwa karne ya 20, kama wanavyosema wanaosoma vinasaba, vikasafiri miongoni mwa binadamu kwa miongo kadhaa bila jina, na wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini wakatambuliwa Kagera mwaka 1983. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Kila ukoo huku una makaburi ya habari hiyo.

Kuhusu fedha, nina neno ambalo huenda halitawapendeza baadhi ya wakubwa. Kazi nyingi nzuri ya kuchunguza virusi vya wanyamapori na mifugo katika nchi yetu imefanywa kwa fedha za wageni. Mradi wa HALI wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu cha California, Davis, ulifanya kazi kwa miaka na wafugaji wanaoizunguka Hifadhi ya Ruaha kule Iringa, na ulikuwa sehemu ya PREDICT, mpango wa kutafuta virusi vya wanyama vinavyoweza kuwaingia binadamu, ulioanzishwa mwaka 2009 kwa fedha za Marekani, ambao ulikoma mwaka 2020. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lenyewe la misaada, USAID. Wageni hawakutukosea kuondoka. Fedha ni zao. Tulichokosea ni kuifanya kazi ya kudumu iwe mradi wenye tarehe ya mwisho. Virusi havikusoma mkataba.

Niseme pia kidogo juu ya popo, ambao ndio hubeba virusi vya Marburg, kwa sababu kila ugonjwa huo unapotajwa huwa nasikia vijana wakipanga kwenda kuwachoma moto, na huku tunalo Pango la Popo kule Songwe ambalo lingekuwa la kwanza kuvamiwa. Uganda walijaribu. Baada ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka kuugua Marburg mwaka 2007, popo wa mgodini waliangamizwa. Miaka michache baadaye wengine walihamia humo, na walipopimwa walikutwa na maambukizi kwa kiwango kikubwa kuliko wale wa mwanzo. Popo anayefuatiliwa kwa sampuli za mara kwa mara ana faida kwetu. Popo aliyefukuzwa pangoni anahamia kwenye dari.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa. Mbeya kuna NIMR na hospitali ya rufaa ya kanda. Pale SUA, taasisi ya SACIDS ilibuni programu ya simu iitwayo AfyaData, ambayo mhudumu wa afya wa jamii au mfugaji aliyefundishwa huitumia kutuma taarifa ya dalili za watu au wanyama na kupokea mrejesho. Vitu hivyo vyote vipo, na baina yake kuna barabara ya lami. Kisichokuwapo ni mtu anayeweza kuulizwa. Napendekeza kila sampuli inayotoka kijijini iwe na stakabadhi yenye namba, jina la ofisa anayedaiwa majibu na tarehe ya kuyatoa, nakala moja ibaki kwa mwenye mnyama. Na majibu yakitoka, yatumwe kwa ujumbe wa simu kwa Kiswahili kinachoeleweka, hata kama ni kusema tu kwamba hakuna kilichoonekana. Jibu la namna hiyo halipaswi kudharauliwa. Mwaka 2022, watu wa Ruangwa mkoani Lindi walipoanza kutokwa damu puani na nchi nzima kuanza kunong'ona Ebola, vipimo vilionyesha kuwa si Ebola wala Marburg bali homa ya mgunda, ambayo si virusi kabisa na ina dawa ya antibayotiki. Utulivu ulirudi kwa sababu jibu lilitolewa hadharani.

Jambo jingine ni fidia. Ng'ombe wa maziwa wa Rungwe ni ada ya shule na ni bima ya uzee, na hakuna hotuba itakayomfanya mtu amtoe kwa hiari akachinjwe na kuzikwa kwa faida ya watu wasiomjua. Halmashauri zetu hukusanya ushuru kwenye kila mnada na kila machinjio. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitengwa kwa ajili ya kuwalipa wanaotoa taarifa mapema na mifugo yao ikateketezwa kwa amri halali, naamini zitakuja taarifa nyingi kuliko tunavyoweza kuzipokea, na hilo litakuwa tatizo jema. Wapo watakaosema watu wataua mifugo yao ili walipwe. Alipwe pungufu kidogo ya bei ya mnada, na hoja hiyo imekwisha.

Mvua za kwetu huanza Novemba, na Kyela hunyesha hadi Mei. Kabla hazijaanza, naomba Halmashauri za Kyela, Rungwe, Busokelo na Mbarali ziweke kwenye taarifa ya kila robo mwaka inayosomwa mbele ya madiwani safu tatu tu: taarifa ngapi za vifo na mimba zilizotoka zimepokelewa, sampuli ngapi zimepelekwa maabara, na majibu mangapi yamemfikia mwenye mnyama. Safu ya tatu ikiwa tupu, diwani amuulize mkurugenzi sababu, na jibu la mkurugenzi libandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji vilivyotoa sampuli hizo.

Wako,
Bwana mifugo mstaafu,
Tukuyu, Mbeya